Matabishi Kwenye Mtihani

Kompyuta ya darasa la wasioona ilisoma kila kitu isipokuwa picha. Ikifika kwenye picha inanyamaza, inaruka, inaendelea na maneno ya chini yake kana kwamba hapakuwa na kitu. Mtoto wa kaka yangu, msichana ambaye haoni tangu alipougua surua, alikuwa ananiambia, "Shangazi, pale katikati wameiba kitu."

Mwalimu wake akaanza kutafuta watu wa kusema picha kwa mdomo. Minye, ndivyo tunavyosema "mimi" kwetu Uvira, alinikuta sokoni, nyuma ya ndagala zangu, dagaa wa ziwani. Alipunguza bei mpaka nikamuuliza kama anataka na meza, kisha akasema muntu anayeweza kusifia ndagala muda wote ule bila kupumua ataweza hata kitabu cha hesabu. Aliomba nije mara tatu kwa juma. Nilisema moja. Tulikubaliana mbili, na kila mmoja akaondoka akiamini amemshinda mwenzake.

Kazi niliipenda. Unakaa mbele ya kompyuta, inanasa sauti yako, unasema: hapa kuna duara, limegawanywa kwa mstari mmoja kutoka juu kwenda chini. Picha mia mbili na kumi na nne nilizisema. Nilihesabu mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilipata mia mbili na kumi na tatu.

Mwaka ule mtoto alitaka kuingia sekondari, ile ya watoto wote, iliyo kando ya barabara kubwa. Prefe, yaani mkuu wa shule, alikubali afanye mtihani wa kuingia kwa kompyuta yake ya kusema. Maswali ishirini. Mwenye kumi na mawili anaingia, aliyepungukiwa anangoja mwaka mwingine nyumbani. Prefe hakutaka karatasi itoke ofisini mwake, kwa hiyo asubuhi ya mtihani nilifungiwa humo pamoja na mwalimu, saa moja kabla, nikasema picha sita huku yeye akiwa chini ya meza anahangaika na waya wa chaja.

Sasa, sokoni kwetu ukishapima ndagala kwa kopo na kumwaga kwenye mfuko wa mteja, unaongeza kiganja kimoja juu. Hiyo ni matabishi. Asiyetoa matabishi anauzia nzi. Mkono wangu umezoea hivyo miaka yote, na siku ile niligundua mdomo nao umezoea.

Mtoto alitoka na kumi na tatu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nipige vigelegele, akanishika mkono.

"Shangazi, iko maneno umeongeza."

"Maneno gani? Nimesema picha."

"Ulisema samaki wamepangwa mistari minne, sita sita. Hapo ni sawa. Halafu ukasema, jumla ishirini na wanne, nimehesabu mara mbili. Swali lilikuwa, jumla ni wangapi?"

Nikaanza kuzipitia upya kichwani zile picha sita.

"Na mkate," akasema. "Umekatwa vipande vinane, vimeliwa vitatu. Sawa. Nani alikuuliza vimebaki vingapi?"

"Nilikuwa nakamilisha."

"Ulikuwa unanipa matabishi."

Nilimwambia kwa sauti ya chini kwamba hakuna aliyesikia, kwamba kumi na tatu ni kumi na tatu. Akasema, "Weye utakuwa sokoni. Minye nitakuwa darasani miaka sita na watu wanaosema niliingia kwa mdomo wa shangazi." Akapapasa ukuta kwa fimbo yake mpaka mlango wa ofisi, akabisha. Mwalimu na minye tulimfuata kama washtakiwa.

Prefe alisikiliza, akatoa mawili. Kumi na moja.

"Mama, mambo yamekwisha," akaniambia.

"Prefe, hata mteja aliyepewa kopo lenye tundu haambiwi aende na njaa. Anapimiwa tena."

Nikaomba maswali manne mapya. Alisema hakuna hata moja. Tukafika mawili, yenye picha, kutoka karatasi za mwaka uliotangulia. Ila na yeye aliweka sharti: picha atazisema mwenyewe, na minye nitakaa kwenye kiti cha pembeni nimefunga mdomo. Nikakubali. Mtoto alitakiwa kupata moja tu kati ya mawili.

La kwanza lilikuwa la pembetatu. Prefe aliisema vibaya, lakini si vibaya sana. Mtoto alikosa, na akakiri mwenyewe kwamba alijumlisha vibaya.

Likabaki moja. Prefe alisogeza karatasi karibu na miwani, jasho likimtoka. Muntu aliyefundisha hesabu miaka yote alikuwa hajawahi kuisema picha kwa asiyeiona.

"Hapa kuna michikichi," akasema. "Shamba la michikichi."

"Imepandwa namna gani, Prefe?" mtoto akauliza.

"Kwa mistari. Mistari mitano. Kila mstari, miti saba."

Kutoka kwenye kiti changu karatasi niliiona kwa upande. Mistari ilikuwa sita. Nilihesabu tena. Sita.

"Thelathini na mitano," mtoto akasema.

Prefe akatazama karatasi ya majibu. "Arobaini na miwili. Pole, mtoto wangu."

Nilikuwa nimetoa neno langu la kufunga mdomo. Nikanyoosha kidole kwenye karatasi, nikakiacha hapo.

"Mama, tulikubaliana."

Kidole hakikuwa kwenye makubaliano.

Mwalimu akainama, akahesabu bila sauti, midomo ikicheza. Kisha Prefe naye akahesabu, polepole, akigusa kila mstari kwa kalamu. Alipofika wa sita alivua miwani akaifuta kwa tai, kazi iliyomchukua muda mrefu kuliko miwani ilivyohitaji.

"Mitano mara saba ni ngapi?" hatimaye akamuuliza mwalimu, kama asiyejua.

"Thelathini na mitano, Prefe."

"Basi alichoambiwa amekijibu." Akaandika kumi na mbili, akapiga mstari chini yake. Akamgeukia mtoto. "Kosa ni la aliyeona. Darasani unataka kukaa wapi? Kipofu aliyekuwa hapa zamani tulimweka mbele."

"Mbele ni karibu na barabara, Prefe. Pikipiki zitafunika sauti ya kompyuta. Nipe benchi ya nyuma, upande wa ukuta."

Prefe akasema nyuma wanakaa wakorofi.

"Nitawasikia," akasema mtoto, na Prefe akaandika: nyuma, ukutani.