Droni ya Kaluki

Kaluki ni mwanamke wa kinyongo, na wala hafichi. Ukimkanyaga kanisani mwezi wa kwanza, mwezi wa kumi na mbili bado anakuonyesha kidole kilichoumia. Sasa Ndegwa, katika wanawake wote wa Makongeni, akaona wa kumwibia ni huyu. Alijitafutia mwenyewe.

Kaluki alizaliwa mashariki ya Thika, kwa wakulima wa mahindi na mbaazi, akaja mjini na kamera aliyoachiwa na mjomba wake. Miaka kumi na minne alisimama kwenye maporomoko ya Chania akiwapiga picha wageni wa Jumapili. "Sogeeni, mcheke kidogo, baba usifumbe macho." Kisha simu za kamera zikamwingilia kazi. Wageni wakawa wanampa simu zao awapigie picha bure, na wanamwita "auntie". Siku moja alijikuta ameshika simu tano za watu huku kamera yake inaning'inia shingoni bila kazi. Alizirudisha zote, akafunga mkoba, akaenda zake.

Aliuza ng'ombe wawili alioachiwa na mamake, akanunua droni. Akaenda kusomea namna ya kuirusha, akafaulu mtihani uliowaangusha wanaume waliokuwa wakimcheka darasani, akapewa leseni yenye sura yake. Kibandiko cha usajili alikibandika chini ya tumbo la droni kwa mkono wake, akakisugua kwa kidole gumba mpaka kikashika vizuri.

Baada ya hapo, ukifanya ngurario kati ya Ruiru na Thika, ile harusi ya kimila ya Wakikuyu, na droni ya Kaluki haiko juu, watu walikuwa wanauliza kama kuna shida nyumbani. Tena alikuwa mtu wa utaratibu. Boma likiwa karibu na kambi ya wanajeshi, siku tatu kabla ya sherehe aliandika barua ya kuomba kibali, akaipeleka mwenyewe getini, akasubiri kwenye benchi mpaka ipigwe muhuri. Hiyo kazi ya benchi hakumwachia mtu.

Kaluki alimwajiri Ndegwa abebe mkoba. Mdomo wake ulikuwa mtamu, akimwita "Madam" kila baada ya maneno matatu, na Kaluki, ambaye hakuwa amezoea kubembelezwa, alimfundisha kurusha juu ya uwanja wa mpira wa Makongeni. Ndegwa akashika haraka. Jumatatu moja akaondoka na droni, betri zote na daftari lenye namba za wateja. Wiki iliyofuata alikuwa na duka Ruiru na bango lenye uso wake.

Kaluki alikwenda kushtaki. Ndegwa alikuja kituoni na marafiki wawili, wakaapa mbele ya afisa kwamba droni ilinunuliwa na Ndegwa, ila jina lilikuwa la Kaluki kwa sababu ndiye aliyekuwa na leseni. Afisa akaufunga ule mjadala kabla haujaanza. "Hii ni mambo ya biashara. Nendeni mkaelewane."

Waelewane nini? Kwa miaka miwili Kaluki aliliona bango lile kila alipopita Ruiru, na kila mara damu ilimchemka upya. Hakuwa akiomba tena arudishiwe. Alitaka Ndegwa asimame mbele ya watu, aseme kwa mdomo wake kwamba droni ni ya Kaluki. Na kama hatasema, basi asiwe nayo. Ivunjike, iungue, mradi itoke mikononi mwake.

Ndipo sheria mpya ikaja.

Zamani wanajeshi walikuwa na mamlaka juu ya ua wao tu. Droni ikielea nje ya ua, walipiga simu kwa polisi, na polisi walipofika ilikuwa imeshakwenda nyumbani kulala. Sasa mamlaka yaliongezwa. Kilomita nne kuzunguka kambi, droni yoyote isiyo na kibali wangeweza kuikatia mawasiliano, kuiangusha, kuichukua na kuiharibu, bila kungoja mahakama. Tangazo lilibandikwa kwenye ofisi ya chifu, kurasa mbili, na namba ya simu ya kambi kwa herufi kubwa. Kaluki alisoma mpaka kwenye neno "kuiangusha", akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akanakili ile namba. Ukurasa wa pili hakuufungua.

Alijua kitu kimoja ambacho Ndegwa hakukijua. Ndegwa aliiba droni, akaiba betri, akaiba wateja, lakini hakuwahi kukaa kwenye lile benchi. Miaka yote alidhani Madam siku hizo anaenda sokoni.

Shiko, binti wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa anafanyiwa ngurario Jumamosi, na boma lao lilikuwa kilomita tatu kutoka kambini. Idah, shangazi yake bibi harusi, aliimba kwaya pamoja na Kaluki, akamwalika.

"Lakini picha tumempa Ndegwa," Idah alisema kwa aibu. "Ni baba ya Shiko aliamua. Usikasirike, mami."

"Nikasirike kwa nini?" Kaluki alimjibu. "Nitakuja nile tu."

Ijumaa alipiga ile namba, akataja boma, siku na saa, bila kutoa jina lake. Kisha akapiga pasi nguo yake ya kitenge. Alimhurumia Shiko kidogo, kwa kuwa msichana hakuwa amemkosea lolote. Alimhurumia mpaka pasi ikapoa, halafu akaacha.

Jumamosi saa nane mchana Kaluki alikuwa ameketi mstari wa pili, sahani ya mukimo wa viazi magotini. Ilikuwa imefika saa ya kumtafuta bibi harusi. Shiko na wenzake sita walipangwa uwanjani, wamefunikwa leso kichwa mpaka miguu, bwana harusi akiwapita mmoja mmoja huku wanawake wakimzomea kwa vicheko asikosee. Ndegwa alisimama pembeni na miwani nyeusi na rimoti mkononi. Droni ikapanda.

Kaluki aliitambua kwa mlio. Alijikaza asilie. Ile ilikuwa ng'ombe wa mamake wawili, inazunguka pale juu kwa starehe ya mwizi.

"Anguka," alisema kimoyomoyo. "Anguka, anguka."

Ikatetemeka. Ikazunguka mara mbili kama kuku aliyekatwa kichwa, ikashuka kwa fujo na kutumbukia kwenye sufuria ya njahi, yale maharagwe meusi ya sherehe. Mchuzi uliruka mpaka kwenye koti la baba ya Shiko. Leso saba zikafunuka pamoja, wasichana wakipiga kelele, na bwana harusi akamwona bibi yake bila kumtafuta.

"Ngai!" Idah alishika kichwa. "Ni nini hiyo?"

Kaluki alicheka. Alicheka mpaka mukimo ukamwangukia magotini, na hakujali nani anamtazama.

Gari la jeshi lilifika kabla hawajamaliza kupangusa wazee. Sajini Oluoch, mtu mrefu wa sauti ya chini, aliomba radhi kwa mama wa boma, akaichota droni kwa mwiko, akaigeuza. Akapangusa maharagwe kwenye kibandiko, akaingiza namba kwenye simu yake na kusoma kwa sauti.

"Kaluki Mutie. Yuko hapa?"

Kaluki aliacha kucheka. Watu wote waligeuka.

"Kwa sheria mpya, anayejibu ni mwenye jina kwenye usajili," Sajini akaendelea. "Hata kama imerushwa na mtu mwingine. Leseni yake inasimamishwa mwaka mmoja, na mtambo unaharibiwa. Iko ukurasa wa pili."

Ukurasa wa pili! Leseni ndiyo ilikuwa kitu pekee ambacho Ndegwa hakuweza kubeba. Mdomo wa Kaluki ulikuwa umeshafunguka kusema si yangu, muulizeni huyo, aliapa kituoni kwamba ni yake.

Lakini Ndegwa alimtangulia. Miwani ilikuwa imemtoka, na uoga umempanda mpaka masikioni.

"Afande, hiyo mashine si yangu! Mimi nimeajiriwa tu. Ni ya Madam, aki ya Mungu, alinunua na ng'ombe za mamake. Uliza mtu yeyote!"

Kaluki aliweka sahani chini, akasimama polepole.

"Rudia," alisema.

"Madam?"

"Rudia hiyo. Wa nyuma hawajasikia."

Ndegwa alimtazama Sajini, akatazama gari, akatazama wazee. "Droni ni ya Kaluki," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

"Na kule kituoni ulisemaje?"

Ndegwa aliangalia viatu vyake. "Nilidanganya."

Baba ya Shiko, aliyejaa mchuzi na hasira, aliguna kwa sauti. Wateja wa Ruiru waliokuwa pale waliguna pia, na Kaluki aliwahesabu kwa macho, mmoja mmoja.

Sajini Oluoch akamgeukia. "Mama, kabla sijaandika. Unakubali ni yako? Ukikataa, itabidi tuchunguze upya, na huyu atabanwa peke yake."

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi hapo. Angesema hapana, leseni yake ikapona, na Ndegwa akaona cha mtema kuni. Ila akisema hapana, yale maneno aliyoyangoja miaka miwili yangekuwa uongo, tena uongo wake yeye.

"Ni yangu," Kaluki alisema. "Andika. Na yeye aandike aliyosema, aweke sahihi."

Wiki mbili baadaye aliitwa kambini kushuhudia ikiharibiwa. Alivaa nguo ya kanisani, akakaa kwenye lile benchi lake la getini mpaka alipoitwa. Droni iliwekwa juu ya jiwe, bado ina harufu ya njahi, na askari akainua nyundo.

"Hapana," Kaluki alisema. "Nipe mimi."

Askari alimtazama Sajini, Sajini akaitikia kwa kichwa. Kaluki alikisugua kibandiko kwa kidole gumba, akarudi nyuma hatua moja, akaipiga. Kwa pigo la kwanza alimtaja Ndegwa. Kwa la pili alimtaja mamake, na hapo ndipo machozi yalipomtoka, lakini hakusimama mpaka ilipokuwa vipande.