Ungo Kichwani Mbele ya Popo wa Mwalimu

Uvumilivu uliniishia flashi ya kamera ilipopiga dirishani kwa mara ya kumi na moja (nilikuwa nahesabu, usingizi sikuwa nao) na mwanangu Neema, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amefumba macho, akaanza kulia upya. Niseme mapema ili mtu asinikatize: yule mwanamke wa kwenye picha ni mimi.

Jirani yangu hapa Mbekenyera ni mwalimu wa baiolojia, mtu mpole, kasoro yake moja tu, anapenda popo. Msimu wa korosho ukifika anajaza mabibo kwenye ndoo iliyokatwa, anaining'iniza nyuma ya nyumba, hatua tano kutoka kamba yangu ya nguo, popo wanakuja kula, kamera aliyoifunga mtini inawapiga picha yenyewe, na wakishashiba wananyea nepi zangu. Nilimwambia mara tatu.

"Vumilia, Mama Neema, hawa ndio wanaosambaza mbegu."

"Kwangu wameshasambaza za kutosha, mwalimu."

Basi usiku ule nikatoka kwenda kuishusha ndoo mwenyewe. Nilikuwa na kanga moja, na kwa kuwa sikutaka kunyewa kichwani, nikachukua ungo jikoni nikajifunika. (Najua. Msiniambie.) Nikashika ndoo, popo wakatimka wote kwa pamoja, nikaruka kwa woga, kamera ikafanya kazi yake.

Asubuhi mwalimu akatuma picha zote kwenye kundi la WhatsApp la kitongoji bila kuzipitia. Kati ya popo na popo nilikuwepo mimi: kanga moja, ungo kichwani, miguu haigusi chini, na wao wamenizunguka kama nimewaita.

Siku hiyo maandazi yangu hayakupata mteja. Saa nne mama mkwe akapiga simu kutoka Chiola.

"Mwanangu, mjukuu wangu yuko wapi?"

"Amelala, mama."

"Kesho namtuma shangazi yake aje amchukue, akae kwangu kidogo."

Mtoto bado ananyonya. Wala hakuuliza habari za ungo, na hapo ndipo nilipojua ameshaiona ile picha.

Nikaenda kwa mwalimu na simu mkononi. Akaitazama ile picha kwa makini, akaikuza, akasema, "Huyu wa kushoto sijawahi kumpata."

Ungo nimeutundika msumarini, jua likizama siugusi hata mchele uwe na mawe. Kutoka kwa mwalimu nilinyoosha mpaka ofisi ya kijiji. Mtendaji akasema malalamiko bila kielelezo hayapokelewi, kwa hiyo ile picha nikaenda kuichapisha mwenyewe, ya rangi, nikaibana nyuma ya barua hii:

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA JIRANI ANAYELISHA POPO

Naomba ndoo ihamishwe na picha ifutwe. Pia naomba ofisi yako ithibitishe, kwa maandishi na kwa muhuri, kwamba usiku huo nilikwenda kwa miguu na nikarudi kwa miguu.

Nakala: Mama mkwe, Chiola.