Siku Nilipompika Mama Mkwe Njia ya Mchinga

Mimi ni mtu wa nyumbani. Shemeji zangu wananiita mwali, kwa kuwa mwali hukaa ndani mpaka siku ya kutolewa, na mimi siku yangu haijapangwa. Sikatai. Wengine Mungu kawapa miguu, mimi kanipa kibaraza.

Hata kipanya changu, kile chenye mlango wa kusukuma ubavuni, sikukinunua ili nisafiri. Nilimpa dereva afanyie kazi, dereva akapata kazi nyingine, kipanya kikabaki uani kwangu Kilwa Masoko. Kwa muda mrefu kilikuwa chumba cha ziada. Nilikuwa nakaa humo jioni, nafungua redio, naegemeza kiti, nasafiri bila kwenda popote. Mke wangu akipita na ndoo alikuwa ananiuliza, "Umefika wapi?" Namjibu, "Tupo njiani."

Basi likaja jambo la harusi. Binti wa marehemu shemeji yangu alikuwa anaolewa Mchinga. Binti huyo kalelewa na bibi yake, yaani mama mkwe wangu, tangu hajaota meno. Ndoa ilikuwa ifungwe baada ya alasiri, na binti alishatoa kauli yake mapema: mashekhe wakiingia kumuuliza ridhaa, hatafungua mdomo mpaka bibi yake awe ameketi ubavuni mwake. Watu walicheka wakidhani ni maringo ya bibi harusi. Sisi tunaomjua hatukucheka. Mtoto yule akisema hali, sahani inarudi jikoni.

Mke wangu alitangulia Mchinga kusaidia kupika. Mama mkwe alibaki kwetu kwa sababu asubuhi ya siku ile ile kulikuwa na hitima ya jirani yake wa zamani, na hakuwa tayari kuikosa. Kwenye kikao cha familia nikasema, kwa sauti ya mtu anayetoa wazo zuri, kwamba lipo basi. Kikao kizima kikanigeukia. Mkwe ana gari uani, mama apande basi? Wakaamua kipanya kiende gereji, nami nikiendeshe.

Fundi wangu ni Mngoni, mimi ni Mngindo. Ukijua hilo umeshajua kwamba mimi na yeye hatujawahi kuzungumza neno moja la maana. Babu zake waliwakimbiza babu zangu porini, wajukuu tukarithi utani. Nikienda gereji ananipokea kwa matusi, nami nisipomtukana atadhani naumwa. Alifungua injini, akabadilisha gasketi, akazibua rejeta inayopooza maji ya injini, na siku ya kuchukua gari akaniita mbele ya wenzake.

"Mngindo, gari lako limepona kuliko wewe."

"Limepona au umeiba vyuma?"

"Vyuma nimeiba, nimekuachia usukani. Sasa sikiliza. Ile feni ya rejeta haijiwashi tena yenyewe, kidude chake cha kupima joto kimekufa. Nimeiunga kwenye swichi ya taa ya ndani, hiyo juu ya kichwa chako. Ukiwa njiani washa taa, feni itazunguka."

"Niwashe taa mchana?"

"Mchana kweupe. Si ninyi Wangindo mnaogopa giza hata jua likiwa utosini?"

Gereji nzima ikaangua kicheko. Nikamjibu kwamba na yeye akilala awashe honi, maana Wangoni wasipopiga kelele wanapotea. Tukapeana mikono, nikaondoka nimefurahi. Uani nikakumbuka, nikabonyeza ile swichi huku ufunguo uko mfukoni. Taa haikuwaka, wala hakikuzunguka kitu. Nikatabasamu peke yangu. Mngoni kanipata kidogo, nikasema, lakini si sana.

Siku ya safari mama mkwe alitoka hitimani akiwa na kanga mpya, kikapu, na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. Akakaa kiti cha nyuma kabisa, pembeni, mahali ambapo hata kioo changu hakimfikii vizuri. Sikushangaa. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawaongei ovyo, maneno hupitishwa kwa mtu wa katikati. Mtu wetu wa katikati, miaka yote, ni mke wangu. Na mke wangu alikuwa Mchinga, anamenya vitunguu.

Nikasema, "Shikamoo, mama." Akasema, "Marahaba." Hazina yetu ya mazungumzo ikaishia hapo.

Niliendesha kwa heshima, yaani baiskeli zilitupita. Moja ilikuwa imebeba kitanda. Nilikuwa nimembeba mama wa mke wangu, na nilitaka afike bila kusema kwamba mwali alimrusharusha. Tulipofika Nangurukuru tukakata kushoto kushika njia ya Lindi, nami nikaanza kuamini kwamba kumbe safari ni jambo jepesi, watu wanalikuza tu.

Kabla ya kijiji cha Hoteli Tatu, kwenye kilima kidogo ambacho hata hakistahili jina, mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikautazama. Ukapanda. Nikafumba jicho moja, ukapanda kwa hilo lililobaki. Kisha mvuke ukatoka chini ya boneti.

Nikasimama, nikafungua boneti, nikasubiri ipoe, kwa maana hilo angalau nalijua: mfuniko wa rejeta ukiufungua ikiwa ya moto, uso unabaki wa mtu mwingine. Nilikuwa na dumu la maji. Nilipoona mfuniko unashikika nikaufungua, nikamimina, nikaufunga. Kisha nikasikia sauti ya mama mkwe, ya upole, ikisema:

"Jogoo, tulia. Tutafika tu. Alasiri bado."

Nikaelewa. Kwa kukosa mtu wa katikati, mama alikuwa amemteua jogoo.

Tukaondoka. Nikapunguza mwendo zaidi, ili injini isichoke. Ikachemsha tena baada ya Kiranjeranje. Safari hii nikakumbuka ujuzi niliowahi kuusikia kibarazani kwangu kutoka kwa dereva wa lori: gari likichemsha, washa hita ya ndani, inavuta joto la injini na kulileta kwa abiria. Nilijiona mtaalamu. Maji yalipoingia tukaondoka, nikawasha hita mpaka mwisho.

Ndugu zangu, hita ile ilikuwa haijaguswa tangu gari litoke kwao ng'ambo, kwenye baridi, na ilikuwa na hasira za miaka. Hewa iliyotoka ilikuwa ya tanuri la mikate. Nje jua la saa nane, ndani jahannamu ndogo yenye viti. Nikafungua dirisha langu. Dirisha la nyuma, upande wa mama, halifunguki; nilikuwa nimelipanga kwenye mambo ya kushughulikia siku moja. Jasho likanishuka mpaka kwenye soksi. Kuvua shati mbele ya mkwe haiwezekani. Yeye kuvua ushungi mbele yangu ndiyo kabisa. Basi tukakaa humo, watu wawili wenye adabu, tunaiva.

"Jogoo," ikaja sauti, ndogo kidogo kuliko ya kwanza, "wewe unachinjwa kesho. Nani kakwambia uanze kupikwa leo?"

Nikazima hita. Mshale, ukiona nimezima, ukapanda kama ulikuwa unasubiri ruhusa. Tukasimama tena karibu na daraja la mto Mbwemkuru. Nikachota maji, nikamimina, nikakaa juu ya jiwe, nikahesabu hali yangu. Jua lilikuwa limeanza kulala. Mchinga bado iko mbele. Mke wangu akapiga simu, nikaitazama ikilia, sikuipokea, kwa sababu nilijua swali lake. Akatuma ujumbe: mashekhe wameshakula, binti ameshapambwa, kakaa, anaulizia bibi yake, hataki hata maji. Nikaona watu wote wale kwenye mikeka, bwana harusi na kanzu yake, na mtoto wa watu amefunga mdomo kwa ajili ya ahadi niliyoibeba mimi, mwali wa kibarazani.

Nikampigia fundi. Lazima nieleze kwamba simu yangu ilishaanguka kisimani, na tangu siku hiyo husikiki wala husikii mpaka uweke spika. Nikajisogeza mbali na gari. Nikaona haitoshi, nikajisogeza tena. Pori lile liko kimya kiasi kwamba ningeweza kusogea mpaka Lindi mjini na bado mama angesikia.

"Mngindo!" Fundi akapokea kwa furaha. "Bado hujafa?"

"Fundi, gari linachemsha."

"Linachemsha? Tia majani ya chai."

"Fundi, nakuomba, siko peke yangu."

"Uko na nani? Nani mwenye akili atapanda gari na wewe? Au umembeba mama mkwe? Maana Mngindo akipata gari humbeba mkwe kwanza, asamehewe uvivu! Basi mwambie bibi kizee huyo asiogope joto. Wangindo wakichemshwa ndiyo wanakuwa laini!"

Akacheka mwenyewe mpaka akakohoa. Nilitaka kuizima simu, vidole vikateleza kwa jasho. Nyuma yangu nikasikia mlango wa kipanya unasukumwa. Mama mkwe alikuwa anateremka, mguu mmoja kisha wa pili, ushungi umemganda kichwani. Akaja mpaka nilipo. Nikainamisha macho, nikiyaangalia makubazi miguuni mwake.

"Lete hiyo simu."

Ukiacha marahaba, yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu, mimi mwenyewe, bila mke wala jogoo, tangu nioe. Nikampa kwa mikono miwili.

"Wewe Mngoni," akasema.

Upande wa pili kicheko kikakatika.

"Ndiye bibi kizee anayesema. Mlikuja huku na ngao na mikuki, leo mmebakiwa na spana, na hiyo spana yenyewe hamjui inazungukia wapi. Umelitengeneza gari au umelilaani?"

"Shikamoo, mama," akasema fundi, kwa sauti ya mtoto wa madrasa.

"Shikamoo yako ipeleke Songea. Nina mjukuu anaolewa leo, na mimi niko porini nimekauka kama samaki wa ng'onda. Ulimwambia nini mtoto wa watu ulipompa gari?"

"Nilimwambia awashe taa ya ndani, mama."

"Nimekuuliza ulimwambia nini. Sijakuomba unitanie."

"Mama, si utani. Feni nimeiunga kwenye swichi ya taa. Ufunguo uwe umewashwa, abonyeze, izunguke. Nakuapia kwa mama yangu aliyenizaa."

Mama mkwe akaziba simu kwa kiganja, akanitazama, nadhani, kwa sababu mimi nilikuwa bado kwenye makubazi.

"Mtani akimtaja mama yake mzazi, utani umekwisha," akasema. "Washa taa."

Nikakimbia. Nikawasha injini, nikainua mkono, nikabonyeza ile swichi juu ya kichwa changu. Taa haikuwaka. Lakini mbele, chini ya boneti, kitu kikakohoa, kikakohoa tena, kisha kikavuma kama nyuki waliochokozwa. Feni. Ilikuwapo siku zote, inangoja kibali, na mimi nimempikia mama wa watu hita.

Simu ikasikika kutoka mkononi mwa mama: "Na tena namjua huyo, mwambie aache kwenda kama anasindikiza jeneza! Kwa mwendo ule hata upepo hauingii kwenye rejeta. Akimbie kidogo!"

"Amesikia," akasema mama. "Na wewe nikirudi Kilwa nakuja hapo gereji, nabeba kitu ninachokitaka, na huna la kusema."

"Chukua, mama. Mbebe hata mke wangu."

"Mkeo nina shida naye gani? Hajui hata kukufundisha kazi." Akakata simu.

Akapanda gari. Lakini hakurudi kiti cha nyuma kabisa. Alikaa kile kilicho karibu na mlango, mahali upepo wa dirisha langu unafika, akaweka kikapu miguuni.

"Twende, baba. Kanyaga."

Nikakanyaga. Sijawahi kwenda vile na sidhani nitakwenda tena. Mshale ulishuka, ukatulia katikati kama mtu aliyepewa kiti. Minazi ikaanza kutokea, na kwenye matuta ya vijijini nilipopunguza mwendo nikasikia nyuma: "Tuta limekwisha hilo." Mara moja tu nilithubutu kusema, "Mama, samahani kwa hita." "Nilidhani ni homa," akasema mama. "Nikasema ngoja nife kimya, nisimtie aibu mkwe." Kisha akacheka, kicheko cha puani, kidogo, ambacho sikujua kwamba anacho.

Tulipoingia Mchinga watu walikuwa wametoka msikitini. Mashekhe wameketi kwenye mikeka, bwana harusi anafuta paji la uso na leso. Nikasimamisha gari karibu na mlango wa uani kuliko adabu inavyoruhusu. Wanawake wakamdaka mama, mmoja akapiga kelele, "Mama, umeoga na nguo?" Mama akakusanya kanga yake, akaingia ndani kwa mwendo wa msichana.

Mimi nikabaki kwenye usukani, injini inanguruma, feni inavuma, nikiogopa kuzima kitu chochote. Mzee mmoja akaja kuniuliza mbona sishuki. Nikamwambia gari linapoa.

Shekhe akaingia na mashahidi wake. Uani kukawa kimya mpaka nikasikia mafuta yanachemka jikoni. Nikaanza kuhesabu makosa yangu yote ya njiani, la hita nikalihesabu mara mbili. Ndipo vigelegele vikapasuka, kimoja, kisha nyumba nzima.

Mke wangu akatoka na kata ya maji, macho yamejaa machozi na mdomo umejaa kicheko.

"Mama anasimulia ndani, watu wanagaragara. Ulimpigia Mngoni simu mbele ya mama?"

"Binti ameitika?"

"Ameitika. Kamshika bibi yake mkono mpaka mkono umekuwa mweupe."

Nikazima gari. Nikapokea kata, nikanywa yote, maji ya kwanza siku ile ambayo hayakwenda kwenye rejeta.