Kijiko cha Mtama Ulioota

Mdogo wangu amerudi likizo kutoka shuleni, Masisi. Jana alinikuta jikoni nikitandaza mtama ulioota ili ukauke. "Dada, ndani ya hii mtama iko kitu wanaita anzimi," akasema. Mawazo yangu yalikuwa mbali. Harufu ile tamu kidogo, kama ya majani mabichi, ilikuwa imekwisha kunirudisha msimu ule tulipobaki sisi wawili.

Yeye alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Papa alitangulia, Mama akafuata, nami nikaacha shule nimlee. Uji mzito ulimshinda kumeza. Mwepesi aliumeza, lakini ulikuwa maji matupu, na mbavu zake zilihesabika. Nikajiambia: huyu simziki.

Jirani yetu alikuwa mama mpika kasiksi, pombe ya ndizi, na mtama ulioota haukukosekana kwake. Akaniagiza nipike uji mzito kabisa, kisha nitie kijiko kimoja cha unga wa mtama ule. Nikamwuliza kama anataka mtoto alewe.

"Akilewa atalala, na weye utalala. Tia tu."

Nikautia sufuria ikichemka, maana kwetu mtoto hapewi unga mbichi. Uji ukabaki mzito vilevile. Kesho yake akaja mwenyewe, akaiepua sufuria, akangoja mpaka kidole kikavumilia joto, ndipo akatia na kukoroga. Uji ukalegea mbele ya macho yangu, bila tone la maji. Kisha akauchemsha tena, kuniridhisha. Mtoto akamaliza bakuli, akalilamba.

Sasa mtoto yule ndiye anayenieleza. Wanga ni mnyororo mrefu. Anzimi, yaani kimeng'enya, ina pahali ambapo wanga huingia sawasawa na kukatwa. Vipande vikitoka, inashika mwingine. Kazi hiyo haiimalizi anzimi yenyewe, ndiyo sababu kijiko kimoja kilitosha. Moto mkali huharibu umbo lake, wanga ukakosa pa kuingia.

"Siku ile ya kwanza njo uliiua," akanicheka.

Mama jirani alihama pamoja na wengi wa kilima chetu. Migomba yake imegeuka malisho ya ng'ombe, na sauti yake ya asubuhi akigombeza kuku sijaisikia tena. Ningependa amwone huyu anavyomaliza ugali, mpaka naficha sehemu yangu.

Chini ya kilima kuna mama ambaye mtoto wake hamezi. Mtama huu ukikauka nitausaga, nitampelekea mwenyewe, na sufuria nitaiepua mimi.