Skurubu Niliyokatazwa Kugusa

Mimi injini hazinibabaishi. Shule niliacha darasa la tano, lakini hapa Langas, mtaa wa Eldoret, huwezi kunionyesha mashine ya kusaga unga ambayo haijapita mikononi mwangu. Matrekta ya wakulima wa kule Ziwa ambayo wenyewe walikuwa wameyakatia tamaa, mimi niliyafufua. Gereji nilijenga mwenyewe, na mabati nikapigilia mwenyewe. Nasema haya mapema ili mtu asije akadhani aliyeshindwa na injini ya ukubwa wa ngumi ya mtoto alikuwa fundi wa kubahatisha.

Injini yenyewe ilikuwa ya binti yangu. Ana jina la mamangu, kwa hivyo tangu azaliwe namwita Mama, na akinigombeza ni kama nimegombezwa na watu wawili. Ni mwalimu wa kemia. Wikendi yeye na wenzake hukimbiza vigari vya rimoti kwenye kiwanja cha udongo wa murram kule Yamumbi. Si vile vya betri. Hivi vina injini kamili, pistoni na silinda, na vinakunywa mafuta yao maalum ya rangi ya waridi. Mbio zilizopita, gari lake lilizima mzunguko wa kwanza. Wakamcheka, akalibeba kwapani kama kuku. Akaagiza injini mpya kutoka ng'ambo, akaingoja miezi miwili. Nyingine hapa mjini huipati. Hakuwa anataka kushinda. Alitaka tu, mbio za Jumapili iliyokuwa inakuja, azimalize.

Sasa injini mpya haikimbizwi siku ya kwanza. Lazima izoeshwe polepole. Wiki hiyo alikuwa zamu shuleni, kwa hivyo akaniletea mimi gari, injini ikiwa imeshafungwa, pamoja na karatasi aliyoibandika ukutani. Ameandika kwa herufi kubwa, kama anaandikia mtoto wa nasari: TANGI TANO, POLEPOLE. IKIPOA, PISTONI IWE CHINI. USIGUSE SKURUBU YA MAFUTA.

"Baba, hiyo ya tatu umeiona?"

"Kwani sina macho?"

"Macho unayo. Mimi naogopa mikono."

Kuiwasha tu kulinimalizia asubuhi nzima. Inavutwa kwa kamba, na ikiwa baridi silinda inaibana pistoni pale juu mpaka inakataa kuzunguka. Ndivyo ilivyoundwa, eti. Na baridi ya hapa mwezi wa saba haina huruma. Nilivuta mpaka bega likalalamika. Mwishowe nikaenda kuchukua draya ya nywele kutoka saluni ya mke wangu, nikaipuliza injini joto kama mteja. Fundi mzima, miaka yote hii, nashika draya! Ikawaka, ikalia kama nyuki ndani ya kopo.

Halafu ikaanza moshi.

Fundi wa Eldoret anajua kitu ambacho wa Mombasa hajui: huku juu hewa ni nyepesi. Gari la kabureta likipanda kutoka chini, linafika hapa likiwa limeshiba mafuta kupita kiasi. Linatoa moshi, halivuti. Unakaza skurubu kidogo kupunguza mafuta, linapona. Hiyo kazi imenilisha. Hata nje, ukutani, nimeandika kwa rangi nyekundu: HAPA MOSHI HAKUNA.

Tangi ya kwanza nilivumilia. Ya pili, akaingia mzee mmoja wa Ziwa aliyekuja kuchukua injini ya mashine yake ya kukamua ng'ombe. Akasimama, akaangalia meza yangu.

"Fundi, hii ni gari ama ni jiko ya kuni mbichi?"

"Ni mpya, Mzee. Nazoesha."

"Mpya na inavuta sigara hivi? Si hapo nje umeandika moshi hakuna? Ama hiyo ni ya sisi wenye injini kubwa?"

Nikachukua bisibisi. Nikakaza skurubu robo mzunguko. Moshi ukapungua, sauti ikapanda. Mzee akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nikakaza robo nyingine.

"Sikiza hiyo," nikamwambia. "Cherehani."

Nikadondosha tone la maji juu ya kichwa cha injini. Likaruka kabla halijakaa: joto limepita kiasi. Nikanyoosha mkono nizime, nikachelewa. Injini ikapiga yowe moja, ikanyamaza. Ilipopoa nikavuta kamba, ikaja rahisi mno. Ule mkazo wa pale juu ulikuwa umepungua; pistoni imelika. Mzee akabeba injini yake akaenda zake, na mimi nikarudisha skurubu mahali ilipokuwa. Nadhani ndipo ilipokuwa.

Jumamosi binti yangu alikuja, akazungusha injini kwa kidole gumba, mara moja tu.

"Baba, umekaza."

"Kidogo."

"Kidogo ngapi?"

"Mama, huku hewa ni—"

"Hewa ndiyo nafundisha! Huo moshi ni oili. Oili yake iko ndani ya mafuta. Ukikata mafuta, umeikausha."

Kilichoniuma ni kwamba nilijua. Power saw za kukatia miti natengeneza kila wiki, na oili yake unaichanganya na petroli vivyo hivyo. Mzee mmoja na mdomo wake alinifanya nisahau kazi yangu.

Tangi tatu zilizobaki alizoesha mwenyewe, pale gereji yangu, na mimi nikakalishwa juu ya kreti ya soda kushika chupa ya mafuta. Nikisogea, ananiangalia. Moshi ukanijaa machoni.

Tangi zikaisha, akaliweka gari chini, nje ya gereji. Likaenda likikohoa. Akafungua kitabu, akapima, akajaribu tena. Likakohoa.

"Kitabu kinasema iko sawa," akasema.

"Kiliandikiwa wapi hicho kitabu? Kama ni huko chini pwani, hapa kinakosea."

Akanipa bisibisi.

"Nusu ya robo, Baba. Halafu unanirudishia."

Nilifumba macho nikasikiliza, nikakaza unywele kwa unywele. Kikohozi kikaisha. Nyuma ya gari nikauacha uzi mwembamba wa moshi, kwa makusudi, mimi, nikiwa nimesimama chini ya maandishi yangu mwenyewe.

Jumapili injini ilikuwa ikichoka kila ilipopata joto, na kwenye kona za polepole ilitaka kuzima. Binti yangu hakuiruhusu ishushe mlio hata mara moja. Alimaliza wa pili kutoka mwisho, akaruka kama ameshinda kombe.

Mwenzake mmoja akamuuliza nani alimrekebishia injini, maana haikohoi kama zao.

"Ni baba yangu," akasema, akinionyesha kwa rimoti mbele ya watu wote. "Ndiye aliiharibu, na ndiye aliitengeneza."

Nikamwambia, Mama, hiyo ya kwanza ungeiacha nyumbani.