Uso Wangu Hautauza Tena Krimu ya Shangazi

Salaam aleikum nyote. Admin, tafadhali nifichie jina, Isiolo tunajuana sana. Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane, nilimaliza kidato cha nne mwaka jana, na naishi na mama na wadogo zangu hapa Bulla Pesa. Si mtu wa maneno. Darasani nilikuwa najua jibu na bado sinyooshi mkono. Kwa hivyo nilichofanya wiki iliyopita kimewashangaza wote, hata mimi mwenyewe.

Chunusi zilinianza kidato cha pili. Zilikuwa kubwa, zenye usaha, na nikizitumbua ziliacha madoa meusi. Bwenini waliniita Murram, kama barabara isiyo na lami. Nilizoea kuvuta mtandio hadi puani na kuongea nikiangalia viatu vya watu.

Nilipomaliza shule, shangazi yangu, dada ya marehemu baba, alinichukua nimsaidie katika duka lake la vipodozi sokoni. Sitamsema vibaya bure. Baba alipofariki ni yeye aliyetushika mkono, na ameahidi kunipeleka chuo. Lakini kuna krimu anayochanganya mwenyewe nyuma ya pazia, anakoroga tyubu kadhaa kwenye beseni, kisha anaipakia kwenye vikopo visivyo na maandishi. Siku ya kwanza alinishika kidevu akasema, "Wewe, nani atanunua kitu kwa uso kama huu? Paka hii."

Nikapaka. Wiki mbili za kwanza uso uling'aa na chunusi zikakauka. Halafu ngozi ikaanza kuwasha. Nikitoka juani ni kama nimepakwa pilipili, na chunusi zikarudi kwa hasira. Niliacha kimya kimya, nikaenda zahanati peke yangu.

Nesi, mama mmoja Mmeru, aliniuliza napaka nini. Nikamwambia kuhusu krimu, na pia samli ambayo mama hunipaka kila asubuhi ili jua lisinikaushe. Alicheka hadi akashika meza. "Kijana wangu, kwani unakaanga uso? Samli ni ya chapati!" Nilitaka kulia, kisha nikajikuta nami nacheka. Aliniambia krimu isiyo na jina niitupe, nioshe uso mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo na harufu kali, nisitumbue chochote, na nifue foronya mara kwa mara. Aliniandikia dawa moja ya kupaka, si ghali. Nami nikaongeza qasil, ule unga wa majani ya mkunazi ambao mama husaga mwenyewe, mara moja kwa wiki. Samli ikarudi jikoni. Baada ya miezi kama minne uso ulitulia. Madoa bado yapo, lakini uso hauniumi tena.

Kosa langu ni hili: sikumwambia shangazi. Aliponiona nimepona akapiga kigelegele, "Krimu yangu imefanya kazi!" nami nikanyamaza kwa aibu yangu ile ile. Akachukua picha yangu ya shule na picha mpya, akazibandika pamoja kaunta, na kuziweka kwenye status. Wateja wakaja. Walinishika mashavu na kunigeuza huku na huku kama mnunuzi wa mbuzi anayekagua meno. Nikavumilia.

Wiki iliyopita alikuja mama kutoka Ngaremara na binti yake, labda wa miaka kumi na mitatu. Binti alikuwa na chunusi chache tu, lakini alikuwa anaangalia viatu vyangu. Mama yake akasema, "Nipatie ile iliyomponya huyu." Shangazi akanisukuma kidogo begani. "Mwambie basi, si wewe ndiye shahidi?"

Nikasema, "Mama, hii krimu iliniunguza. Sikupona nayo. Mpeleke mtoto zahanati."

Duka lilikuwa na wanawake wanne. Mmoja alirudisha kikopo chake kaunta polepole. Shangazi alingoja wakatoka wote, kisha akasema, "Mtoto wa kaka yangu mwenyewe ndiye ananifungia duka. Toka."

Sasa anataka nirudi niseme mbele ya wateja kwamba nilidanganya kwa sababu alikuwa amenigombeza. Nisiposema hivyo, nisahau chuo. Mama yuko upande wake. "Mtoto hamwaibishi mkubwa mbele ya watu. Nenda useme ulikosea, maneno hayana gharama." Nilimjibu, na sijawahi kumjibu mama: "Yule msichana angepaka maneno yangu usoni, mama."

Ijumaa baada ya swala, wanawake wa familia watakaa nyumbani kwa shangazi, nami nitaitwa katikati. Nitambusu mkono na kumwomba msamaha kwa kumwaibisha. Nilipaswa kumwambia mapema, tukiwa wawili, na hilo ni kosa langu kweli. Lakini sitasema krimu iliniponya, na nitamwomba aiondoe picha yangu. Akikataa, nitaibandua mwenyewe. Hata kama nitabaki nyumbani mwaka mzima bila chuo.

Ninachoogopa ni kwamba mbele ya wale wanawake sauti itanikauka, na kimya changu kitachukuliwa kuwa nimekubali, kama mara ya kwanza. Nyinyi mliowahi kusimama mbele ya wakubwa wenu mkasema kweli bila kukosa adabu, mlianza na neno gani? Nisaidieni na hilo kabla ya Ijumaa. Ila wewe unayetaka kuniambia nirudi nikakanushe, usijisumbue kuandika.