Ngazi Anataka Kuoga Peke Yake

Mtaani walimwita Ngazi. Kazi yake ilikuwa kupaka rangi nyumba za watu, na ukimtafuta mchana ulilazimika kuinua kichwa. Huko juu, ndoo ikining'inia pembeni, alisalimia kila apitaye na kuuliza habari za watoto mmoja mmoja.

Kiharusi kilimkuta chini, tena amekaa, anakula. Kijiko kilimponyoka, mdomo ukaenda upande. Alipotoka hospitalini, mkono wa kushoto ulikuwa mzito na mguu wa kushoto haumsikii. Ulimi ndio uliotangulia kupona. Mkewe alisema ulikuwa na haraka zake.

Kilichomuuma zaidi ni bafu. Mtu mzima na ndevu zake, anashikwa kiuno kama mtoto anayejifunza kusimama dede!

"Aibu sina, mke wangu," alisema. "Ila wewe unalowa kila siku kama umenyeshewa."

Kwenye kituo cha mazoezi ya viungo alihudumiwa na wataalamu wawili: dada mmoja mcheshi, na kaka mmoja mpole asiyecheka ovyo. Kila mmoja alimpima kwa zamu yake, kuona kama anaweza kusimama bila kuyumba. Ainuke kitini bila kushika kitu, afumbe macho, ageuke nyuma, asimame kwa mguu mmoja. Kila jambo lilikuwa na alama zake.

Dada alijumlisha, akafurahi. "Mzee, kaoge mwenyewe!"

Wiki hiyohiyo kaka naye akampima, akatikisa kichwa. "Bado, baba. Utaanguka."

Mke akashika kiuno. "Samahanini, wanangu. Mume ni huyuhuyu mmoja, na miguu ni ileile. Sasa nimwamini nani?"

Wale wawili wakatazamana, aibu kidogo, kisha wakacheka, maana mama aliuliza la haki. Wakaketi, kila mmoja akaeleza anavyofanya. Kumbe dada humpima kabla ya mazoezi, mzee amevaa viatu, naye amesimama karibu akimtia moyo: "Haya shujaa, usiniangushe!" Kaka humpima mwishoni, mzee yuko peku na amechoka hoi, na akigusa meza tu, alama zinakatwa. Aliyekosea hakuwepo. Ila kila mmoja alikuwa akipima kwa kipimo chake.

Wakakubaliana: peku, kabla ya mazoezi, miguu palepale, maneno yaleyale, na hakuna kushangilia. Wangempima pamoja, kila mmoja akiandika bila kuchungulia ya mwenzake.

Siku ilipofika, Ngazi akafumba macho, akayumba kidogo.

"Mungu wangu!" mkewe akapiga ukelele, na mzee akafumbua macho kumtazama.

Ikabidi mama atolewe nje. Akabaki akichungulia dirishani, ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Safari hii alama za wote wawili zilikaribiana sana. Nazo zilikuwa za chini. Kaka akainamisha macho, akihofia mzee atavunjika moyo. Ngazi akapiga paja.

"Afadhali! Sasa najua nilipo. Maana nilikuwa mzima kwa dada, mgonjwa kwa kaka. Haya, tufanye kazi."

Wakafanya kazi kwelikweli. Nyumbani alisimama mbele ya sinki la jikoni, akihamishia uzito mguu wa kushoto, akinyanyua wa kulia, huku mkewe akimsimamia kimya. Kimya chenyewe kilimshinda; akikazana kutoshangilia, mabega yalimcheza.

Walipompima tena, kwa utaratibu uleule, wataalamu wakafunua karatasi zao kwa pamoja. Alama zilikuwa zimepanda, na za dada na za kaka zilikuwa sawasawa. Kaka yule asiyecheka ovyo alicheka mpaka magego yakaonekana.

"Weka kishikio ukutani, baba, na mkeka wa mpira usioteleza. Halafu kaoge."

Jioni ile, kishikio na mkeka vikiwa tayari, Ngazi aliingia bafuni, akafunga mlango. Maji yakamwagika, kisha ukaanza wimbo usio na mwanzo wala mwisho.

"Umelala humo?" mkewe aliita.

"Niache, mwanamke! Nina shughuli!"

Mama akajimiminia chai, akavuta kiti hadi kibarazani. Jirani akapita, akauliza kulikoni leo amekaa tu.

"Nimekaa," alijibu, akapuliza kikombe. Akainywa chai yote ingali moto, akajiongezea nyingine.